Mwani mezani: kilichomo na kisichomo

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule wa Unguja na Pemba. Watafiti walipapasa shingo za watoto kutafuta rovu, wakapima mikojo yao, kisha wakaangalia chumvi inayotumika majumbani. Unguja, mtoto mmoja hivi katika kila watano alikuwa na rovu. Pemba ilikuwa karibu mmoja katika kila watatu. Mikojo ya watoto wa Pemba ilionyesha upungufu wa wazi wa madini joto (iodini), na nyumba za huko zilizokuwa zikipikia chumvi iliyotiwa madini hayo zilikuwa kiasi cha asilimia moja tu. Hiki ni kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, na ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe waliamini kwamba mtu wa pwani hawezi kupungukiwa madini joto, maana anakula samaki na anavuta upepo wa bahari. Rovu lilihesabiwa kuwa maradhi ya watu wa nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeyasafisha madini hayo kutoka kwenye udongo. Pemba iliivunja imani hiyo. Samaki ana madini joto, lakini si kwa wingi wa kumtosha mtoto anayekipata kitoweo kwa nadra. Chumvi ya kienyeji inayokaushwa juani hubakiza madini hayo kidogo mno. Muhogo nao, usipoandaliwa vizuri, huacha mwilini kemikali zinazoizuia tezi ya shingo kuyachukua hata hayo machache yaliyopo.

Upande wa pili wa dunia palikuwa na rovu la namna nyingine. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Japani walieleza uvimbe wa shingo miongoni mwa watu wa vijiji vya pwani vya Hokkaido. Hao hawakupungukiwa na kitu. Walikuwa wakila kombu, mwani mpana wa kahawia wa maji baridi, kwa wingi na kila siku, hata madini joto yakawazidi. Tezi inayozidiwa hujifunga, hupunguza kutengeneza homoni zake, na hatimaye huvimba kama ile iliyonyimwa.

Ukiyaweka matokeo haya mawili pamoja, unaona kwa nini swali la kwamba mwani una faida gani mwilini halina jibu moja. Kwanza iulizwe: mwani upi, kiasi gani, umekaushwa na kupikwa vipi, na huyo anayeula amepungukiwa nini. Maandishi mengi ya lishe huyaruka maswali hayo. Huchukua sifa bora ya kila aina, protini ya nori, madini joto ya kombu, nyuzinyuzi za aina nyingine, na kuzibandika zote kwenye mwani mmoja wa kubuni usioota katika bahari yoyote.

Tuanze na madini joto, kwa sababu hapo ndipo tofauti ni kubwa kuliko kwingine kote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito au anayenyonyesha. Vipimo vya mwani wa Japani vinaonyesha kwamba gramu moja ya nori, ule unaoviringishiwa wali, ina kiasi cha mikrogramu 16. Wakame, unaotiwa kwenye supu, una arobaini na kitu. Kombu inaweza kupita 2,000. Maana yake, gramu moja ya kombu kavu, ambayo haifiki kijiko cha chai, inaweza kubeba madini joto ya mtu mzima ya wiki mbili. Wajapani wenyewe wana kinga ya desturi: kombu huchemshwa ili kutoa ladha ya mchuzi, kisha mara nyingi huondolewa, na chakula kinacholiwa nayo, hasa soya, hudhaniwa kupunguza kasi ya tezi kuyatumia madini hayo. Anayeinunua kombu ya unga kwenye kichupa huko Ulaya na kuinywa kila asubuhi hana kinga yoyote kati ya hizo. Australia waliliona hilo mwaka 2009, pale maziwa ya soya yaliyotiwa kombu yalipoondolewa sokoni baada ya wanywaji wake kuugua tezi.

Korea ina mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Mama aliyejifungua hulishwa supu ya mwani wa kahawia, miyeok, kwa siku nyingi mfululizo, kama vile mzazi wa pwani yetu anavyonyweshwa uji wa pilipili manga ndani ya arobaini yake. Supu hiyo ina joto, ina maji mengi, ina madini, na mama huipenda. Lakini madaktari wa huko wamepima maziwa ya akina mama hao na kukuta madini joto kwa kiwango cha juu sana, jambo linalotia wasiwasi kwa watoto njiti ambao tezi zao hazijakomaa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, hofu ni ndogo. Mila ya miaka mingi si ushahidi kwamba kila kipimo kinafaa kila mtu.

Mwani wa Zanzibar hauko katika kundi hilo la kahawia. Aina mbili zinazolimwa ni za mwani mwekundu: mwani mwembamba, ambao wafanyabiashara huuita spinosum, na mwani mnene, yaani cottonii. Mwekundu kwa kawaida una madini joto machache mno ukiulinganisha na kombu, na ukikaushwa ufukweni ukanyeshewa mvua, kisha ukachemshwa na maji kumwagwa, machache hayo hupungua tena. Kwa hiyo hata kama watoto wa Pemba wangekuwa wakila mwani wa mama zao, usingekuwa jibu la kutegemewa kwa rovu. Jibu lilikuwa chumvi yenye madini joto, kitu cha bei ndogo kinachoingia katika kila chungu bila kumlazimisha mtu abadili chakula chake. Wapo wanaoona aibu kusema hivi, wakidhani wanalishusha zao la nyumbani. Mimi sioni aibu hiyo. Mwani una heshima yake bila kupewa kazi ya chumvi.

Na kula hawakuwa wakiula. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo mwani wa kuota wenyewe ulikuwa ukiokotwa na kusafirishwa nje, na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ametumia miaka mingi kuuchunguza. Tangu mwanzo lilikuwa zao la kupanda merikebu. Wanawake walifunga mbegu kwenye kamba, wakangoja bamvua, wakavuna, wakaanika, wakauza kwa kilo, na magunia yakaenda Denmark, Ufaransa, Marekani na China.

Kilichonishangaza niliposoma habari za Ufilipino ni kwamba huko, hasa visiwa vya Visaya, mwani wa jamii hizi hizi ni chakula cha kawaida. Huitwa guso. Huoshwa, hutumbukizwa kidogo kwenye maji ya moto, halafu hukatwakatwa na kuchanganywa na siki, kitunguu, tangawizi na nyanya. Kwa Mswahili hiyo ni kachumbari. Mbegu ilisafiri kutoka huko mpaka Paje, upishi ukaachwa bandarini.

Basi sahani ya guso ina nini? Watafiti wa Sabah, Malaysia, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya cottonii iliyokaushwa. Katika kila gramu 100, protini ilikuwa chini kidogo ya 10, mafuta gramu moja na ushei, nyuzinyuzi 25, na majivu, yaani madini na chumvi zinazobaki kitu kikiunguzwa chote, yalikuwa gramu 46. Tarakimu hizi zinahitaji kusomwa kwa utulivu, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza.

Gramu 100 za mwani mkavu hakuna anayezimaliza. Zikilowekwa hufura na kujaza beseni. Mlo wa kawaida ni gramu tano, tukitia chumvi kumi. Katika gramu kumi protini ni gramu moja, na yai moja la kuku lina kama sita. Kwa hiyo anayesema mwani ni mbadala wa dagaa au maharage kwa familia maskini amesoma jedwali, hajatazama sahani. Hata nori, ambayo protini yake hufika theluthi moja ya uzito wake mkavu na kupita, karatasi yake moja ina uzito wa gramu tatu tu, ambayo ni protini ya gramu moja. Mafuta nayo ni hivyo hivyo: yale mafuta mazuri ya omega-3 yanayosifiwa kwa samaki yamo katika mwani, na kwa hakika samaki wenyewe huyapata kutoka kwa mimea midogo ya bahari, lakini ukichukua gramu moja katika mia ya kitu unachokila gramu kumi, unabaki na tone.

Majivu yale 46 ndiyo yenye maneno mengi. Ni karibu nusu ya uzito mkavu, na hakuna mboga ya nchi kavu inayokaribia hapo. Ndani yake mna kalisiamu, magnesiamu, chuma na vingine vingi, na hapo ndipo matangazo hupata nguvu. Lakini sehemu kubwa ni chumvi za potasiamu na sodiamu. Mtu mzima anashauriwa asipitishe gramu tano za chumvi kwa siku, na mwani usiooshwa vizuri unaweza kula sehemu nzuri ya kipimo hicho kabla mchuzi haujatiwa chochote. Ukiulowesha na kubadili maji mara mbili tatu, chumvi hupungua. Pamoja nayo huondoka na madini mengine yanayoyeyuka. Hakuna njia ya kuyaambia maji yapi yachukuliwe na yapi yaachwe, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu auoshe sana na akubali kupoteza.

Kuna faida moja ya nori ambayo mwani wetu haujathibitishwa kuwa nayo, nayo ni vitamini B12. Mimea ya nchi kavu haina vitamini hiyo. Wasiokula nyama, mayai wala maziwa hulazimika kumeza vidonge. Nori kavu ina B12 ya kweli, inayofanya kazi mwilini, na ni miongoni mwa vyakula vichache visivyo vya wanyama vyenye sifa hiyo. Spirulina, ambayo si mwani wa bahari ingawa hupangwa nayo rafu moja madukani, ina kitu kinachofanana na B12 kwa umbo na ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Ni tofauti isiyoandikwa kwenye lebo.

Kinachobaki kwa mwani wa Zanzibar ni nyuzinyuzi, na hapo sasa una la kujivunia. Robo ya uzito wake mkavu ni nyuzinyuzi, nyingi zikiwa za kuyeyuka na kufanya utelezi. Hizo hunyonya maji, hushibisha, hulainisha choo, na huchelewesha sukari kuingia katika damu. Majaribio mengi ya jambo hili la mwisho yamekuwa madogo na ya muda mfupi, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari asitupe dawa zake, lakini mwelekeo wake unaingia akilini. Miji yetu inayokula chapati za unga mweupe, wali na chipsi ina upungufu wa nyuzinyuzi usiotangazwa na mtu. Kwa mlaji wa namna hiyo kachumbari ya mwani ina maana kubwa kuliko kwa mkulima anayekula kunde, mchicha na dona.

Swali lifuatalo ni iwapo matumbo yetu yanajua kuzitumia nyuzinyuzi hizo. Mwaka 2010 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Roscoff, Ufaransa, walitangaza jambo la ajabu: bakteria wa tumboni mwa Wajapani wana jeni za kuvunja sukari za nori, na jeni hizo asili yake ni bakteria wa baharini waliokuwa wakiishi juu ya mwani wenyewe. Kwa kula nori mbichi kizazi baada ya kizazi, matumbo yao yalipokea ujuzi wa bahari. Katika sampuli za watu wa Amerika Kaskazini walizolinganisha nazo, jeni hizo hazikuonekana. Kwa hiyo sahani moja inaweza kumlisha mtu mmoja zaidi kidogo kuliko jirani yake. Asiye na bakteria hao bado hufaidi shibe na choo laini.

Nyuzinyuzi kuu ya mwani mwembamba na mnene ndiyo hiyo hiyo inayonunuliwa na viwanda: karaginani. Ndiyo inayozuia kakao isizame chini ya maziwa, inayoshika maji ndani ya soseji na kuipa dawa ya meno uzito wake. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekula aiskrimu ya kiwandani huenda amekwisha kula mwani wa Paje bila kujua. Na wa pwani ana ushahidi mwingine jikoni kwake: faluda ya Ramadhani, ile ya maziwa na iliki inayogandishwa kwa agari, au chaina grasi kama wengi wanavyoiita, imegandishwa kwa mwani mwekundu. Anayesema Waswahili hawali mwani afunguliwe kabati la vitu vya futari.

Karaginani imepigiwa kelele sana mitandaoni kwamba huleta saratani. Chanzo cha kelele hiyo ni kitu kingine. Karaginani ikichemshwa kwa tindikali kali hukatikakatika na kuwa dutu yenye molekuli ndogo, na dutu hiyo ndiyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyoiorodhesha mwaka 1983 kuwa huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Haitumiki katika chakula. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipoipitia upya karaginani ya chakula mwaka 2018, iliacha kikomo cha muda cha miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ikataka takwimu zaidi. Mwenye maradhi ya utumbo akiona inamsumbua, aiache. Wengine hatuna sababu ya kukimbia aiskrimu kwa ajili hiyo. Sukari yake inatosha kuwa sababu.

Hatari iliyo ya kweli ni tabia ya mwani kufyonza kila kilichomo majini. Uwezo ule ule unaokusanya madini mema hukusanya risasi, kadmiamu na aseniki. Aseniki nyingi katika mwani iko katika umbo lisilodhuru sana, isipokuwa hijiki, mwani mweusi wa Japani, ambao una aseniki ya sumu kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wasiule kabisa. Mwani wetu haujawekwa katika kundi la hijiki. Hata hivyo, shamba lililo karibu na bandari au mfereji wa maji machafu haliwezi kuaminiwa kama lile la maji yanayopishana na bahari kuu, hata mbegu ikiwa moja.

Katikati ya haya yote limeingia soko la jeli. Mwani wa jamii ya cottonii, unaolimwa pia katika visiwa vya Karibiani, husagwa na kuuzwa London, New York na sasa Dar es Salaam kwa jina la sea moss, ukisindikizwa na dai kwamba una madini 92 kati ya 102 ambayo mwili unayahitaji. Sayansi haijui orodha yoyote ya madini 102 yanayohitajiwa na mwili. Yanayojulikana kuwa ya lazima ni kama ishirini hivi, na katika yale 92 ya tangazo, kama kweli yamo, yangekuwamo pia risasi na zebaki, ambazo hakuna anayezitaka. Jeli yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji yaliyoshikwa na karaginani. Ni kinywaji kizuri kwa anayekipenda, na kwa bei yake mtu angenunua mchicha wa mwezi mzima.

Hata hivyo soko hilo limewafungulia wakulima macho. Kwa miaka mingi kilo ya mwani mwembamba mkavu ililipwa mia chache za shilingi. Mwani mnene ulikuwa na bei nzuri zaidi, lakini maji ya Unguja yalipozidi joto ulianza kufa kwa maradhi, na wengi wakabaki na mwembamba. Uchunguzi wa afya za wakulima wa mwani Zanzibar uliochapishwa mwaka 2012 uliorodhesha malalamiko yao: uchovu, maumivu ya viungo, macho, kifua, majeraha ya viumbe wa baharini na makombe makali, na njaa. Njaa, kwa mtu anayeshinda ndani ya maji akivuna kitu kinachouzwa ng'ambo kwa jina la lishe bora. Ndiyo maana naona thamani ya mwani kwa lishe ya Zanzibar hupita kwanza mfukoni mwa mwanamke anayeulima, ndipo ifike tumboni mwake. Shilingi mia tano za ziada kwa kilo zinanunua maharage na dagaa, ambavyo vina ile protini ambayo mwani hauna.

Njia ya mwani kuwa chakula cha nyumbani ipo, na Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, pamoja na vikundi vya wanawake wameifanyia kazi kwa miaka: sabuni kwanza, kisha juisi, achari, jemu, keki na biskuti. Kwale, Kenya, wanawake wa Kibuyuni nao wana sabuni yao. Kikwazo kiko zaidi kwenye uanikaji kuliko kwenye ladha. Mwani wa kiwandani huanikwa mchangani au juu ya makuti, kwa kuwa mnunuzi atauosha na kuuchemsha kwa kemikali. Wa kula unataka chanja iliyoinuka, maji safi ya kusuuzia, kivuli ili vitamini zisiungue, na mtu wa kupima madini joto na metali kabla ya kufungwa pakitini. Vitu hivyo vina gharama, na bei ya mwani mwembamba hadi sasa imekuwa ikipangwa na wanunuzi wasiouhitaji uwe safi kiasi hicho.